Kengele ya Mvua

Mwalimu Adero alikuwa amefundisha useremala kwa miaka ishirini na minne, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuogopa kitu chochote kilichoingia katika karakana yake. Msumeno wa umeme ulipoletwa, aliuzoea kwa wiki moja. Mashine ya kupigia randa ilipokuja ikiwa kuukuu, yenye kelele za kutoboa masikio, aliifungua, akaipaka grisi, akaifunga, ikatii. Lakini sanduku alilolibeba Bwana Waswa, mwalimu mkuu, asubuhi moja ya muhula wa pili, lilimtisha.

"Zimefika," Bwana Waswa alisema, akaliweka juu ya benchi katikati ya maranda. "Kumi na mbili. Gredi ya kumi waanze nazo wiki hii, Madam. Wafadhili watataka kuona matunda."

Ndani mlikuwa na bodi ndogo za rangi ya buluu, kila moja haizidi kiganja cha mtoto, na katikati ya kila moja palikuwa na kipande cheusi chenye miguu mingi, kama mdudu aliyelala kifudifudi. Kipande hicho ndicho kilichokuwa kompyuta yenyewe. Unakiandikia maagizo kwenye laptopu, unayapitisha kwa waya, nacho kinayashika na kuyafuata peke yake bila kumuuliza mtu tena: washa taa hii, pima joto lile, zungusha mota ile.

Adero aliyajua hayo kwa maneno. Likizo ya Aprili alipelekwa Bondo kwa mafunzo ya siku nne, pamoja na walimu wengine thelathini. Mkufunzi wao, kijana aliyeitwa Mark, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na haraka. Siku ya tatu taa ya Adero ilikataa kuwaka, na Mark akainama juu ya bega lake, akamwondolea kipanya mkononi kama mtu anayempokonya mtoto kisu, akabofya mara tatu, taa ikawaka.

"Umeona, Mama? Rahisi."

Adero hakuwa ameona. Alitabasamu na kusema ameona, na tangu hapo uongo huo mdogo ulimkaa kifuani kama mwiba wa samaki. Alipokuwa chuoni, msichana pekee katika darasa la useremala, mkufunzi wake alikuwa akisimama na mikono mgongoni, akimtazama anavyoharibu ubao mmoja baada ya mwingine. Hakumpokonya randa hata siku moja. Ndiyo maana leo randa ilikuwa yake.

Akalifungia lile sanduku kabatini. Wiki ya kwanza aliwafundisha wanafunzi kuunganisha mbao kwa meno na tundu. Wiki ya pili, kupiga msasa. Wiki ya tatu Khadijah alibaki nyuma baada ya kipindi. Alikuwa binti wa Salim, fundi wa simu wa pale Nyamasaria, na alikuwa na macho ya mtu aliyezoea kuona vitu vikiwa vimefunguliwa matumbo.

"Madam, zile bodi zitakaa kabatini hadi lini?"

"Hadi tuwe tayari."

"Tuwe tayari sisi, ama wewe?"

Hakuuliza kwa utovu wa adabu. Aliuliza kama anavyouliza mtu anayetaka kujua saa. Adero alitupa jicho kabatini.

"Mimi," akasema. "Nenda nyumbani."

Jumamosi alitoka nyumbani kwake Migosi asubuhi, akafungua karakana peke yake, akaweka daftari lake la Bondo upande mmoja na bodi moja upande wa pili. Hadi saa sita mchana hakukuwa na kilichowaka. Alifuata kila mstari alioandika, akajaribu waya huu na ule, akanywa chai ya chupa ikiwa imepoa. Mwishowe akafanya alivyozoea kufanya kiti kinapoyumba: aliacha kukitazama kiti kizima, akatazama mguu mmoja mmoja. Ndipo akagundua kwamba ile taa ndogo ina mguu mrefu na mguu mfupi, naye alikuwa ameichomeka kinyume. Akaigeuza. Taa nyekundu, isiyozidi punje ya hindi, ikaanza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima.

Akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akabadilisha tarakimu moja katika maagizo, na taa ikapunguza mwendo kama mtu anayepanda mlima. Akabadilisha tena, ikaenda mbio. Karakana ilikuwa tupu, naye akacheka kwa sauti.

Jumatatu aliwagawia wanafunzi bodi. Akasimama mbele yao akiwa na ujasiri wa Jumamosi, akaunganisha ya kwake huku akieleza, na kwa kuwa alikuwa akieleza hakutazama vidole vyake. Harufu ndiyo iliyotangulia, kama plastiki iliyoangukia makaa ya jiko. Kisha uzi mwembamba wa moshi ukapanda kutoka kwenye kile kipande cheusi.

Wanafunzi thelathini na wanane wakanyoosha shingo kutazama. Adero akang'oa waya. Angeweza kusema bodi ilikuja mbovu, na hakuna ambaye angejua, isipokuwa labda Khadijah.

"Hii nimeiunguza mimi," akasema. "Waya mwekundu nimeupeleka mahali pa mweusi. Kazi hii bado najifunza, na mtaniona nikikosea tena. Lakini ubao ukipasuka huwa hatuutupi kabla ya kuona umepasukia wapi. Na hii tutaitazama."

Ile bodi ikapita mkono kwa mkono, kila mmoja akinusa, akitafuta alama nyeusi. Siku hiyo darasa likajiwekea sheria: hakuna kupitisha umeme kabla mwenzako hajafuata kila waya kwa kidole chake na kusema ameridhika. Bwana Waswa alipoambiwa zimebaki kumi na moja, aliguna, akauliza ataandika nini kwenye ripoti. Adero akamwambia aandike kilichotokea.

Baada ya hapo kazi ikaenda. Lilikuwa jambo geni kwake kufundisha huku akiwa hatua moja tu mbele ya wanafunzi, na siku nyingine hatua moja nyuma, lakini aliona kwamba walimsikiliza kwa namna ambayo hawakuwa wakimsikiliza zamani. Walipokwama alisimama nyuma yao, mikono mgongoni, na wao wakajikwamua. Katikati ya muhula akawaambia kila kundi lichague tatizo moja la watu wa hapa na kulitengenezea kifaa.

Wazo lililompendeza zaidi lilikuwa la Khadijah. "Akina mama wa ufuoni Dunga wanaanika dagaa, hawa omena wa ziwani," alisema, "halafu mvua inawakuta. Tutengeneze kengele ya mvua. Tone likianguka, inalia, wanakimbia kuanua."

Kundi zima lilishangilia, isipokuwa Sheryl Ochieng. Sheryl alikuwa msichana mtaratibu, aliyekaa daima karibu na dirisha, na Adero alimhesabu miongoni mwa wale wanaofuata wenzao. Akapewa kazi ya kupiga msasa kisanduku, akaipiga vizuri, bila neno.

Kengele ilipokamilika ilikuwa kitu cha kupendeza. Kisanduku cha mbao za saipresi, kona zimeshikana kwa meno bila msumari hata mmoja. Juu yake kibamba chenye mistari ya shaba, na ndani bodi, betri na king'ora kidogo. Ukidondosha tone moja la maji kwenye kibamba, king'ora kilipiga yowe hadi walinzi wa lango wakageuka. Bwana Waswa alikijaribu mwenyewe mara nne. Wageni kutoka ofisi ya elimu walikuwa wanakuja Ijumaa, naye akaagiza kiwekwe mezani, mbele kabisa.

"Kwanza tukipeleke Dunga," Adero alisema. "Alhamisi. Kionwe na wenyewe."

Walifika ufuoni saa nane mchana kwa basi la shule. Nyavu kuukuu zilikuwa zimetandazwa chini, na juu yake omena wametapakaa, wanang'aa kama vipande vya bati. Akina mama kama kumi walikuwa wakiwageuza kwa mafagio. Kiongozi wao, mwanamke mrefu mwenye leso kichwani, aliitwa Nasipwondi. Alimkaribisha Adero na wanafunzi, akakitazama kisanduku kwa heshima, akaonyesha mahali pa kukiweka. Khadijah akamweleza kila kitu. Nasipwondi akaitikia kwa kichwa. Mara mbili macho yake yalienda kwa Sheryl, aliyesimama nyuma kabisa ya wenzake, na mara mbili Sheryl akatazama chini.

Walikaa kungoja. Nusu saa hivi ikapita. Mbingu ilikuwa na mawingu, lakini hakuna aliyeona dalili yoyote, hadi Nasipwondi alipoinua uso. Hakutazama juu. Alitazama maji, mahali fulani mbali ambapo rangi ya ziwa ilikuwa imebadilika, akasema neno moja la Kijaluo, si kwa sauti kubwa.

"Koth."

Mvua. Akina mama wote waliinuka kwa pamoja. Wakashika nyavu kona kwa kona, wakakunja, wakamimina chini ya kibanda kilichokuwa kando, wakavuta turubai. Wanafunzi wakarudi nyuma wasijue wafanye nini. Lakini Adero aliona mmoja wao akitoka mbio katika kundi, akashika kona ya wavu, akaukunja mara mbili kuelekea ndani na kuuinua begani kwa mzungusho mmoja tu wa kiuno. Hakufikiri, mikono yake ndiyo iliyokuwa ikifikiri.

"Sheryl, vuta hiyo ya mwisho," Nasipwondi alisema, kama anavyosema mama kila siku kwa binti yake.

"Naam, Mama."

Omena wote walikuwa chini ya kibanda, na watu wote wamesimama kando yao wakihema, wakati matone ya kwanza yalipoanguka. Ndipo pale nje, peke yake kwenye mchanga mtupu, kengele ya mvua ikalia.

Ikalia na kulia. Kisha mama mmoja akaziba mdomo kwa kanga, mwingine akashindwa, na kicheko kikapita kibandani. Hakikuwa kicheko cha dharau, lakini kilikuwa kicheko.

"Sasa hii kitu inatuambia mvua imefika?" Nasipwondi aliuliza taratibu.

Khadijah alikimbia kwenye mvua akaizima. Aliporudi alikuwa amelowa, wala hakuwa akimtazama Nasipwondi. Alikuwa akimtazama Sheryl.

"Ulijua," akasema. "Ulijua tangu mwanzo kwamba wanaijua mvua kabla haijaja."

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

Sheryl alikunja mikono yake iliyojaa magamba. "Gredi ya nane mlikuwa mnaniita Omena," akasema. "Mlisema nanuka. Ningesema nini? Ati mama yangu ndiye anaanika?"

Khadijah alikuwa wa kwanza kuinamisha macho. Wanafunzi wengine wakaanza kutazama mvua kana kwamba hawajawahi kuiona. Nasipwondi alikuwa amesikia kila neno. Alichukua leso akaanza kumpangusa binti yake mikono, kidole kwa kidole, bila kumuuliza chochote.

Adero aliona aibu, na haikuwa aibu ya kengele. Miaka ishirini na minne alikuwa akiwaambia wanafunzi kwamba kiti hakianzi kwa ubao, kinaanza kwa mtu atakayekikalia. Nenda ukamtazame anavyokaa, umuulize mgongo unamuuma wapi. Safari hii alifurahi mno kuona taa zinawaka, akasahau kuuliza zinamwakia nani. Na msichana aliyekuwa na jibu alikuwa ameketi kando ya dirisha muhula mzima, akipiga msasa.

Akavuta debe akaketi karibu na Nasipwondi.

"Mama, tumekosea kuanza na yetu. Tulipaswa kuanza na yako. Mvua unaijua. Ni nini usichokijua katika kazi hii, ungetaka kukijua?"

Nasipwondi alitazama nyuma ya kibanda. Kisha akainuka, akawaongoza hadi stoo nyuma ya kibanda, mlimokuwa na magunia yamesimama kama watu wanaongoja zamu. Akafungua mdomo wa gunia moja, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko.

"Mkono wangu unafika hapa. Hapa nasikia ni kavu. Lakini katikati?" Akautoa. "Omena asipokauka vizuri, huko katikati anapata joto, anaota ukungu. Mimi sijui, nampeleka sokoni. Mwezi wa Mei mnunuzi alifungua gunia langu mbele ya watu, ikatoka harufu. Sikuweza kumtazama machoni." Akatazama kiganja chake. "Zamani mkono ulikuwa unanionya. Sasa umekuwa mgumu. Sisikii joto kama zamani. Hiyo sijamwambia mtu."

Sheryl alimgeukia mama yake. Ilionekana kwamba hata yeye hakuwa akijua.

Kesho yake Bwana Waswa aliikuta meza ya mbele ikiwa na kengele, kama alivyoagiza. Lakini wageni walipofika, Khadijah alisimama akawaeleza jinsi inavyofanya kazi, halafu akawaeleza ni kwa nini haimsaidii mtu. Alisimulia yote, hata kicheko. Mwalimu mkuu alitazama viatu vyake. Mmoja wa wageni, mama wa makamo, aliandika jambo kwenye daftari kwa muda mrefu, akafunga kalamu, akauliza watafanya nini sasa.

"Muulize Sheryl," Khadijah alisema. "Yeye ndiye anajua magunia."

Hilo ndilo lililokuwa ombi lake la msamaha, na Sheryl alilipokea kwa kusogea kutoka dirishani hadi kwenye benchi. Wageni walipoondoka, Bwana Waswa alimvuta Adero kando. "Siku nyingine uniambie mapema, Madam," akasema. Hakuonekana kukasirika sana. Alionekana mtu aliyechoka kushikilia tabasamu.

Walichotengeneza kilikuwa kijiti kirefu kama mkono wa mtu mzima, kilichotobolewa katikati tangu mwanzo hadi mwisho, nchani mna kihisi kidogo cha kupima joto na unyevu, na kwenye mpini bodi na taa mbili: kijani ya salama, nyekundu ya hatari. Kwa maneno ilikuwa rahisi. Kijiti cha kwanza kilipasuka wakikitoboa. Cha pili kilinyonya unyevu, kikavimba, kikabana waya. Sheryl alikikataa cha tatu alipokipitisha kwenye gunia tupu, akasema kinachubua nyuzi, na mama yake hawezi kutoboa gunia zima ili ajue lina nini. Hapo Adero akaenda kwenye rundo lake la akiba, akatoa kipande cha mvule alichokuwa amekihifadhi miaka sita bila kujua cha nini, akawaonyesha namna ya kukipasua kwa urefu, kuchimba mfereji katika kila nusu, na kuziunganisha tena kwa gundi. Wakakipiga msasa zamu kwa zamu, hadi kikawa laini kama jiwe la mtoni. Yeye alikuwa akijua mbao, Khadijah akijua waya, Sheryl akijua gunia.

Wiki ya mwisho ya muhula wakarudi Dunga. Nasipwondi akawapa magunia matano, akasema kwa makisio yake yote ni mazuri. Sheryl ndiye aliyeshika kijiti. Alikichomeka katika gunia la kwanza, wakangoja kwa dakika mbili, kijani. La pili, kijani. La tatu, nyekundu. La nne, kijani. La tano, lililokuwa karibu na mlango, nyekundu.

"Tuone," Nasipwondi alisema.

Walimwaga la tatu juu ya turubai. Juu omena walikuwa wakavu, wakichakarika. Lakini katikati palikuwa na bonge la ukubwa wa kichwa cha mtoto, la vuguvugu, likianza kunata. Nasipwondi aliligusa, akalileta puani, akavuta pumzi. Bado halikuwa limeharibika. Lingeanikwa tena siku mbili, lingepona.

Kisha wakamwaga la tano. Hilo lilikuwa kavu tangu juu hadi chini, halina kasoro hata moja.

Khadijah alilitazama rundo zuri la omena kama mtu aliyetukanwa. "Imedanganya."

"Hiyo imekaa na jua la mlangoni tangu asubuhi," Sheryl alisema. "Joto ni la jua, si la kuoza. Kijiti hakijui tofauti."

"Basi tukiwekee kihisi cha pili huku nje kwenye mpini," Khadijah alijibu, tayari akitafuta kalamu. "Kipime joto la hewa, kilinganishe."

Nasipwondi alikuwa amekishika kijiti, akikigeuza mkononi. "Inaongea," akasema, "lakini bado ni mtoto. Haijui kupambanua. Hata hivyo mniachie likizo hii. Nitakuwa nafungua kila ikisema nyekundu, niwaambie ni mara ngapi imesema kweli."

"Na ikiharibika?" Khadijah aliuliza. Ilimuuma kukiacha.

Adero alijibu kabla ya mwingine. "Atatuambia imeharibikia wapi."

Sheryl akachana karatasi kutoka daftarini, akamchorea mama yake mistari: tarehe, gunia, rangi, na nafasi ya kuandika alichokikuta ndani. Nasipwondi aliikunja akaitia ndani ya leso yake.

Basi lilipopiga honi, lile gunia la tatu lilikuwa bado chini, na jua lilikuwa zuri. Sheryl hakupanda, kwani kwao palikuwa pale pale; alishika fagio akaanza kutawanya omena kwenye wavu. Khadijah alisita mlangoni mwa basi, mguu mmoja juu.

"Madam, naweza kubaki nimsaidie? Baba atanichukua."

Adero akampa simu yake ampigie Salim, akamsubiri apate ruhusa. Kisha akapanda basi na wengine, na kupitia dirishani akamwona Sheryl akimwonyesha mwenzake namna ya kushika fagio, asiwavunje omena.